Kompyuta iliyosahau kila asubuhi

"Mwalimu, imesahau tena."

Maneno hayo niliyasikia karibu mwezi mzima, mwaka wangu wa kwanza kutunza chumba cha kompyuta cha chuo kimoja kidogo. Mashine 12 kuukuu, zote Linux yenye eneokazi la XFCE. Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa na shida ya macho. Anakuza maandishi, anashusha upau chini, anaweka picha anayoipenda. Siku nzima inakaa vizuri. Kesho yake akiwasha, kila kitu kimerudi kilivyokuwa.

Nikafanya kile mafundi wengi wachanga tunachokimbilia: nikapiga mfumo upya, yaani kufuta kila kitu na kuusakinisha tena. Wikendi nzima imekwenda. Jumatatu jioni wanafunzi wakapanga mashine zao, Jumanne zikasahau. Wikendi iliyofuata nikarudia. Wewe unayeanza kazi hii, shika hili mapema: kupiga mfumo upya kabla hujajua tatizo ni kufuta ushahidi kwa mikono yako mwenyewe.

Na ushahidi ulikuwepo, tena wa wazi. Wa kwanza: kompyuta zilikuwa zinarudi kwenye hali gani? Iliyosahau kweli hurudi kwenye mwonekano iliokuja nao mfumo. Hizi zilirudi kwenye mpangilio wangu mimi, na picha niliyoichagua mimi. Wa pili: mashine namba 1, ambayo niliipanga kwa mkono, haikusahau hata siku moja. Sikujiuliza kwa nini.

Kwenye XFCE mipangilio inashikwa na programu inayofanya kazi chinichini, inaitwa xfconfd. Ukibadilisha kitu, inakishika kwenye kumbukumbu papo hapo, ndiyo maana unaona mabadiliko mara moja. Baada ya muda mfupi inakwenda kuyaandika kwenye mafaili ya XML ndani ya folda yako ya nyumbani. Ikishindwa kuandika, haikuambii kitu kwenye kioo. Inaendelea kukuhudumia kwa ilichoshika kichwani mpaka unapozima, na hapo ndipo kinapotea. Kwa hiyo kuona mabadiliko yamekubali si dalili kwamba yamehifadhiwa.

Siku niliyoacha kukimbizana na vitufe, nikaingia kwa akaunti ya wanafunzi, nikafungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, nikauliza folda ya mipangilio ni ya nani:

ls -ld ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml

Jibu likaanza hivi:

drwxr-xr-x 2 root root 4096

Ni root, mara mbili. Folda imo ndani ya nyumba ya mwanafunzi, lakini mwenye mali ni msimamizi wa mfumo. Mwanafunzi anaruhusiwa kusoma, kuandika haruhusiwi. Nani aliileta? Mimi. Baada ya kupanga mashine namba 1 nilinakili folda ya xfce4 kwenye flashi, nikazunguka zile 11 nikiibandika kwa sudo cp -r, yaani kunakili kwa mamlaka ya root, kwa kuwa nilikuwa nimeingia kwa akaunti yangu na sio ya wanafunzi. Kitu unachokinakili namna hiyo kinakuwa cha root. Na kila nilipopiga mfumo upya, nilirudia kuibandika vilevile.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja, wa kubadilisha mwenye folda:

sudo chown -R mwanafunzi:mwanafunzi /home/mwanafunzi/.config/xfce4

Hapo "mwanafunzi" ni jina la akaunti. Weka la kwako. Halafu toka kwenye akaunti na uingie upya. Angalia sana unapoandika njia ya folda, maana chown -R ikikosea na kushika mzizi wa mfumo mzima, hapo kweli utapiga upya. Na usikubali ushauri wa chmod 777. Mlango unafunguka, ndiyo, lakini kwa kila mtu, na mwenye nyumba bado si yule anayeishi humo. Kama unashuku kuna vitu vingine vya root vimelala kwako, find ~ -user root itavitaja kimoja kimoja.

Sio kila kompyuta inayosahau ina ugonjwa huo. Kijana mmoja alikuja analalamika wiki mbili, kumbe Linux hakuwahi kuisakinisha. Alikuwa anaiendesha kutoka kwenye flashi kila siku. Andika findmnt / na ukiona chanzo kinaitwa /cow, uko kwenye flashi, na kwa kawaida unachobadilisha kinaishi kwenye RAM tu. Amri hiyohiyo ikikuonyesha ro (kusoma tu) mahali pa rw (kusoma na kuandika), diski imefungwa isiandikwe, mara nyingi kwa sababu mfumo umegundua hitilafu. Hapo nakili kazi zako kwanza, mengine baadaye. Diski iliyojaa nayo huzuia kuandika, df -h itakuambia.

Kuna na waliotoa amri ya xrandr au setxkbmap wakashangaa kioo na kibodi kurudi vilevile asubuhi. Hizo hazikuvunjika. Ni maagizo ya kikao hicho tu, kikifungwa yamekwisha. Ukitaka zirudi, ziweke kwenye orodha ya programu zinazoanza unapoingia.

Saa ikirudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, acha mafaili kabisa. Fungua mashine, badilisha betri ya ubao mama. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ile bapa kama sarafu.

Ukikwama, fungua akaunti mpya kwa sudo adduser jaribio, ingia humo, badilisha kitu kimoja, toka, washa upya. Jaribio ikikumbuka, ugonjwa uko kwenye folda yako ya nyumbani. Ikisahau nayo, tafuta kwenye mfumo.

Basi, baada ya chown mashine 10 kati ya zile 11 zikatulia. Ikabaki moja, na ni ya yule binti. Alikuwa amepata miwani, sasa anataka maandishi madogo, kompyuta inamrudishia makubwa. Safari hii nilianza na faili, kabla hajaingia: ls -l ikaonyesha xsettings.xml imeandikwa jana jioni, alipokuwa anabadilisha. Kuandika kunafanyika, basi kuna kinachoandika juu yake wakati wa kuingia. Nikafungua ~/.config/autostart, folda ya programu zinazoanza unapoingia. Humo nikakuta faili langu mwenyewe la zile siku za kuhangaika, linalotoa amri hii ya kukuza maandishi kila anapoingia:

xfconf-query -c xsettings -p /Xft/DPI -s 120

Nilikuwa nimemwekea ili asiendelee kunilalamikia, nikasahau. Nikalifuta, akaweka 96, tukaendelea na kipindi.