Kabla Hujakifungua Hicho Kidude cha Kwenye Bloku

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya ubavu wa injini yake. Kuna kitu cha duara kimezama kwenye tundu la bloku, yaani lile umbo kuu la chuma la injini, katikati kina pini mbili, na kwenye pini hizo umechomekwa waya mnene mweusi unaopita nyuma ya rejeta hadi kwenye grili. Pale mbele umefungwa tu kwa kibanio cha plastiki. Haujaunganishwa na chochote. "Kaka, fundi anasema hii ni sensa iliyokufa, haina kazi. Anataka aing'oe, tundu alizibe kwa boliti. Nimruhusu?"

Nilimjibu papo hapo: mdogo wangu, mwambie aweke spana chini.

Sikuhitaji kufikiri, maana kidude hicho kilinisumbua mimi miaka mingi kabla hakijamsumbua yeye. Ni hita ya bloku. Gari langu la kwanza lilikuwa nayo. Nililinunua likiwa limeshatumika, na lilikuwa limeanzia maisha yake Kanada, ingawa hilo nililijua baadaye. Fundi wa kwanza aliyeiona alisema ni sensa ya joto. Wa pili, kwa sauti ya mtu asiyependa kuulizwa mara mbili, alisema ni kifaa cha kufuatilia gari likiibwa. Wa tatu hakuhangaika hata kuipa jina. "Hii haina maana, tuitoe." Wote walikuwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuufuata ule waya.

Mimi niliufuata. Sikuwa fundi wakati ule na sijifanyi fundi sasa, lakini macho ninayo. Nililala chini ya gari na tochi mdomoni, nikaushika waya kuanzia kwenye bloku, nikaenda nao taratibu hadi mwisho wake nyuma ya grili. Nikaondoa tope. Kumbe kichwa chake ni plagi ya umeme wa nyumbani, ya pini mbili bapa na moja ya duara ya ethi! Ubavuni pameandikwa volti 120. Umeme wa gari dogo ni volti 12, kwa hiyo kitu kinachodai volti 120 hakiwezi kuwa sensa, wala hakitegemei betri ya gari. Kinafanya kazi gari likiwa limelala.

Baada ya hapo kusoma kulikuwa rahisi. Kwenye nchi ambazo baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, oili huwa nzito, betri hupoteza nguvu, na asubuhi stata inahangaika bila injini kuwaka. Basi usiku mwenye gari huchomeka ule waya kwenye soketi, hita inapasha maji yaliyomo ndani ya bloku, na asubuhi injini inawaka bila shida. Hita nyingi za magari madogo zina nguvu ya kati ya wati 400 na 1000. Mmarekani mmoja wa North Dakota, Andrew Freeman, alipewa hataza ya hita ya aina hii mwaka 1949. Ya kwake ilikaa mahali pa boliti ya hedi, kile kipande cha chuma kinachofunika bloku kwa juu. Zilizo nyingi leo hukaa mahali pa kizibo cha bloku, kisahani cha chuma kinachoziba tundu la bloku, na ndiyo maana zinachanganya watu: zinaonekana kama zimezaliwa na injini.

Nilipowaeleza wale wa gereji, walicheka. Mmoja aliniuliza mbele ya wateja, "Bosi, sasa unataka kuchomeka gari ukutani kama pasi?" Kicheko hicho bado nakikumbuka, na sitaki kudanganya kwamba kilipita hivi hivi. Miezi kadhaa baadaye nilikuwepo palepale walipoing'oa hita kama yangu kwenye gari la mteja mwingine. Maji yote ya bloku yakamwagika sakafuni, kisha ikaanza kazi ya kutafuta boliti ya kuzibia tundu ambalo halina hata nyuzi za kukazia boliti. Sikusema neno. Ila nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji kusimama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo huo: fuata kinachoingia na kinachotoka. Kidude chochote kwenye bloku kinahusiana na kitu fulani, kama ni umeme, oili, maji au kitu kinachozunguka. Ukishajua ni kipi, jina litakuja lenyewe. Usianze na jina.

Chukua kile kidude kidogo chenye waya mmoja tu, mara nyingi kiko jirani na oili filta. Hiyo ni swichi ya presha ya oili. Kwenye magari mengi, hasa ya zamani, unaweza kuthibitisha bila kufungua kitu: washa swichi ya gari bila kuwasha injini, taa nyekundu ya oili itawaka, chomoa ule waya na hakikisha haugusi chuma, taa itazimika. Kwisha. Kuna noki sensa, ya duara na boliti moja katikati, ambayo ndani ina kipande maalumu kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme ili kompyuta ya injini ijue mafuta yanawaka vibaya. Na kuna sensa ya kranki, yaani ya mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini; hiyo utaikuta karibu na puli au karibu na flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa kranki, inaelekea kwenye meno yanayozunguka.

Lakini hata hapo usijiamini kupita kiasi. Injini kadhaa za zamani za General Motors zina noki sensa iliyofungwa kwenye tundu la kumwagia maji ya bloku. Unafungua sensa, unaoga maji. Jina ulilijua, lakini hukujua nyuma yake kuna nini.

Na hili ndilo ninalowasisitizia vijana wenzangu mnaopenda magari. Fundi akikwambia kitu hakina kazi, usibishane naye. Muulize tu, "Nyuma yake kuna nini?" Anayejua atakujibu kwa utulivu. Asiyejua atakasirika, na hasira yake ni jibu tosha. Maji ya bloku yana presha; injini ikiwa ya moto yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Huo si mchezo wa kubahatisha. Tusikubali kuvuliwa vitu kwenye magari yetu kwa sababu tu mtu ana ovaroli na sisi hatuna.

Yule msomaji nilimwambia aiache hita ilipo mradi haivuji, waya aufunge mbali na eksosi na fani belti, na asije akaichomeka. Hita ya volti 120 ukiipa umeme wa volti 240 inavuta nguvu mara nne. Ikianza kuvuja, maji yamwagwe kwanza injini ikiwa ya baridi, kisha kiwekwe kizibo cha bloku chenye kipenyo kilekile. Si boliti.

Vizibo hivyo vyenyewe, vile visahani vya chuma visivyo na waya, watu wengi huamini vimewekwa ili viruke maji yakiganda. Ni kweli maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na wakati mwingine kizibo husukumwa nje. Ila matundu yale yapo kwa sababu ya kalibu: bloku ikishamiminwa, mchanga wa ndani hutolewa kupitia humo. Ukiona michirizi ya kutu chini ya kizibo, kinavuja.

Mkinitumia picha, piga ya mbali kwanza nione kidude kiko upande gani wa injini, halafu ya karibu, halafu ya namba iliyoandikwa kwenye kidude chenyewe. Namba kubwa zilizotokeza kwenye bloku ni za kalibu, hazihusiani na hicho unachokiuliza, na wala si namba ya injini; namba ya injini hugongwa kwenye sehemu iliyolainishwa. Na futeni grisi kabla ya kupiga.