Riwaya ya mji wa magharibi ya Marekani: lazima watu wapigane risasi?

Mkuu, umeuliza kama riwaya yako ya Kansas ya miaka ya 1870 itachosha bila mapambano ya bastola, na kama mhusika mkuu mweusi ataaminika. Ataaminika kabisa. Mpeleke Nicodemus, mji wa watu weusi hukohuko Kansas.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1877, na wengi waliouhamia walikuwa watu waliotoka utumwani Kentucky. Matangazo yaliwaahidi neema. Walichokikuta ni nyika, miti ya kujengea ya shida. Wakachimba makao ardhini. Willianna Hickman, aliyefika 1878, alisimulia baadaye kwamba mumewe alipomwonyesha mji, aliona moshi tu ukifuka kutoka ardhini, akaangua kilio. Sura ya kwanza unayo hapo, wala hakuna risasi iliyolia.

Halafu, ukiivuta hadithi hadi miaka ya 1880, kuna reli. Mwaka 1888 kampuni ya reli ya Union Pacific iliukwepa mji, ikapita ng'ambo ya Mto Solomon, na wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kuifuata. Huo ndio mgogoro mtamu: nani anaondoka, nani anagoma, na aliyekopa unga dukani anamlipa nani?

Bastola ziwe kwa kiasi. Hata Dodge City, mji mwingine wa Kansas, pamoja na sifa zake zote za mapambano ya bastola, ilipiga marufuku kubeba silaha mjini.

Ah, na jikoni: huko watu waliwashia samadi kavu ya nyati na mabua ya alizeti. Asije mama mwenye nyumba akapasua magogo kila asubuhi, wasomaji wakakucheka!