Usizime faiawoli ya Windows kwa sababu ya printa

Watu huniuliza wanunue faiawoli ipi, yaani programu ya kuchuja kinachoingia na kutoka kwenye kompyuta kupitia mtandao. Kwa mwenye laptopu moja mbili za kazi, nyumbani au dukani, jibu langu halijabadilika kwa miaka: iliyomo ndani ya Windows inatosha, usitoe hela. Tatizo ni kwamba nikifungua kompyuta ya muulizaji, mara nyingi naikuta imezimwa. Ukiuliza kisa, utaambiwa printa ilikataa, gemu liligoma, au programu ya mahesabu haikuiona seva. Fundi akaja, akazima faiawoli, kitu kikafanya kazi, akalipwa akaenda zake. Kompyuta ikabaki wazi.

Jambo hili linaniuma kwa sababu tulishaona dunia bila faiawoli ilivyokuwa. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikiwa na faiawoli ndani yake, ila imezimwa, na watu wengi hawakujua kama ipo. Agosti 2003 kikaja kirusi cha Blaster, kikapenya kupitia poti 135 (poti ni kama mlango wenye namba ambao data hupitia). Hukuhitaji kubofya kitu wala kufungua barua pepe. Ukiunganisha kompyuta na intaneti tu, umepatikana. Kinatokea kidirisha kinahesabu sekunde 60, mashine inajizima na kuwaka upya. Mwaka uliofuata Sasser kikafanya vilevile kupitia poti 445. Agosti 2004 Microsoft ikatoa Service Pack 2, sasisho kubwa la XP, na tangu hapo faiawoli huja imewashwa. Poti hiyohiyo ya 445 ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017. Kwa hiyo anayekuambia mambo hayo yamepitwa na wakati, usimsikilize.

Inavyofanya kazi si vigumu kuelewa. Ukifungua tovuti, kompyuta yako ndiyo iliyoanza mazungumzo. Faiawoli inakumbuka hilo na kuruhusu majibu yarudi. Kinachobisha hodi kutoka nje bila kuitwa kinazuiwa, isipokuwa kiwe na kanuni inayokiruhusu. Haina malipo, haiongezi mzigo unaoonekana hata kwenye mashine ya RAM ndogo, na inapata masasisho pamoja na Windows yenyewe.

Sasa hiyo printa. Jirani yangu ana duka la steshenari: kompyuta kadhaa, printa moja imechomekwa kwenye mojawapo, nyingine zichape kupitia mtandao. Zilikuwa hazichapi. Nilipoangalia, Windows ilikuwa imeuweka mtandao wa duka kwenye kundi la Public, yaani inauona kama Wai-Fai ya mgahawani, kwa hiyo imeficha kila kitu. Ukiingia kwenye mipangilio ya mtandao na kubofya jina la Wai-Fai, unaweza kubadilisha iwe Private. Halafu kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kupita, tafuta File and Printer Sharing, weka tiki kwenye safu ya Private peke yake. Printa ikaanza kutoa karatasi na faiawoli imewashwa.

Lakini hapo kuna jambo la kuangalia. Kama wateja wanapewa nenosiri la Wai-Fai hiyohiyo, ukiweka Private umewafungulia na wao. Simu na laptopu za wageni zote zinaweza kubisha kwenye poti 445 ya kompyuta yako. Ruta nyingi zina uwezo wa kutengeneza mtandao wa wageni, tumia huo. Kama yako haina, fungua wf.msc, yaani dirisha la kanuni za faiawoli ya Windows, ingia kwenye kanuni za File and Printer Sharing, na kwenye kichupo cha Scope andika anwani za IP za kompyuta zako tu. Hakikisha ruta inazipa anwani zilezile kila siku, la sivyo kesho printa itakataa tena na fundi ataitwa.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni kile kidirisha kinachouliza kama programu iruhusiwe. Ukikifunga bila kusoma, Windows inaandika kanuni ya kuzuia. Baadaye unaiongeza programu kwenye orodha ya kuruhusiwa, na bado inagoma, kwa sababu kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Nenda wf.msc, kwenye Inbound Rules, tafuta jina la programu lenye alama nyekundu, ufute.

Udhaifu wake mkubwa ni mmoja: kwa mpangilio wake wa kawaida, kinachotoka hakiulizwi. Programu ya wizi wa nywila ikishaingia kupitia flashi au programu iliyovunjwa leseni, inatuma data nje kwa poti 443, njia ileile inayotumiwa na kivinjari chako, na faiawoli inaiacha ipite. Flashi yenyewe faiawoli haiioni kabisa; kazi hiyo ni ya antivirusi. Na programu ukiipa haki za msimamizi, inaweza kujiandikia kanuni yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza watu watumie akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku.

Kanuni za kuzuia kinachotoka zipo tangu Windows Vista, ila lazima uziandike mwenyewe. Mimi nazitumia zaidi kulinda bando. Kuna programu zinazojisasisha kimyakimya ukiwa umeunganisha laptopu na simu, na GB inaondoka kabla hujamaliza kazi. Kwenye Outbound Rules unatengeneza kanuni mpya, unachagua faili la programu hiyo, unaizuia. Usiizuie Windows yenyewe kujisasisha, wala antivirusi. Ukitaka kuulizwa kila programu inapotaka kutoka, hapo ndipo programu ya ziada inapokuwa na maana, ila jiandae kwa maswali mengi, na ukizoea kubofya ndiyo bila kusoma hakuna ulichopata.

Ukihisi kanuni zimevurugika na hujui nani kaweka nini, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike netsh advfirewall reset. Zote zitarudi kama zilivyotoka kiwandani, na zile ulizoziandika wewe zitafutika, kwa hiyo zihifadhi kwanza kupitia wf.msc.

Wenye Mac waangalie mipangilio yao, maana kwa kawaida faiawoli yake huwa imezimwa, na hata ikiwashwa inasimamia yanayoingia tu. Ubuntu nayo inakuja na ufw, faiawoli yake, ikiwa imelala. Unaiwasha kwa sudo ufw enable, lakini kama mashine iko mbali na unaifikia kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kupitia mtandao, tanguliza sudo ufw allow ssh, kwa sababu ukikatika baada ya kuwasha hutaweza kuingia tena mpaka mtu akae mbele ya mashine yenyewe.