Mwiko wa mhusika usimfunge mchezaji
Ndugu, umeuliza namna ya kumwekea mhusika mwiko wa kichawi bila kumnyima mchezaji uhuru, katika michezo ya mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wa hadithi na dadu huamua matokeo. Mtazame Cú Chulainn, shujaa wa masimulizi ya kale ya Ireland: alikatazwa kula nyama ya mbwa, na vilevile kukataa chakula cha mwenyeji, kwa hiyo siku alipokaribishwa nyama hiyo ilimbidi avunje mwiko mmoja. Utamu uko hapo, miiko miwili inapogongana. Mezani kwetu hapa Bukavu, mpiganaji mmoja hakuruhusiwa kuvuka maji kabla ya kutaja jina la mama yake; alipofika kivukoni, adui akiwa karibu anasikiliza, mchezaji alishika dadu kimya kwa muda mrefu. Adhabu ijulikane mapema na iwe ya kuvumilika, kama kupungukiwa nguvu mpaka alfajiri, kwa sababu mwiko unaoua papo hapo (niliujaribu, nikajuta) hakuna anayethubutu kuuvunja.