Wasoma mawazo kwenye riwaya ya kisayansi: anza na kiungo, halafu uulize nusu yake ilimfaa nani

Mleta mada, umeuliza jinsi ya kuandika watu wanaosoma mawazo na kusogeza vitu bila kuvigusa, uwezo walioupata kwa mageuko ya binadamu, bila msomaji kukwambia kwamba huo ni uchawi tu uliobadilishwa jina. Nimeandika riwaya ya aina hiyo, nikaitupa, nikaiandika tena upya. Na kazi yangu ya kila siku ni kupima umeme wa ubongo, yaani EEG. Kwa hiyo jibu langu litakuwa refu kidogo, mnivumilie.

Kwanza, ile hoja ya mdau hapo juu kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, achana nayo. Si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula takriban asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyetulia. Mlaji wa kiasi hicho asingeachwa miaka malaki huku sehemu yake kubwa imelala tu. Ukiijenga hadithi juu ya hoja hiyo, msomaji anayejua atafunga kitabu ukurasa wa tano.

Sasa njoo kwenye chumba ninachofanyia kazi. Mtu amelala kitandani, kichwani ana elektrodi 21, yaani visahani vidogo vya kunasa umeme, nilizobandika baada ya kusugua ngozi mpaka ikaanza kuwa nyekundu. Kwenye skrini kuna mistari inayotetemeka ovyo. Namwambia, "Funga macho." Mara mistari ya kisogoni inajipanga, mawimbi mazuri kama 10 kwa sekunde, yanapanda na kushuka. "Fumbua." Yamepotea. Nimeliona jambo hilo maelfu ya mara na bado linanisisimua. Siku ya kwanza kuliona ndiyo siku riwaya yangu ilipozaliwa, maana nilijiuliza: kama mashine inajua huyu amefunga macho bila kumtazama usoni, mtu ashindwe kwa nini?

Halafu mgonjwa akameza mate, na skrini nzima ikavurugika.

Hapo ndipo penye kazi. Wimbi la ubongo likifika kwenye ngozi ya kichwa limebaki makumi ya mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja. Kubana taya tu kunalifunika. Na hapo elektrodi imegusa ngozi, tena kwa jeli. Ukisogea hatua moja, hewani, hakuna cha kushika. Uga wa sumaku wa ubongo nao ni dhaifu kuliko ule wa dunia kwa makumi hadi mamia ya mamilioni ya mara. Kwa hiyo mhusika anayesoma mawazo ya mtu aliye upande wa pili wa mji hana njia ya kuyapata, hata umpe ubongo wa aina gani.

Aliyeanzisha kipimo hiki alikuwa anatafuta kitu hichohicho unachokitafuta wewe. Hans Berger, Mjerumani, akiwa kijana jeshini alianguka kutoka kwenye farasi na nusura akanyagwe na mzinga uliokuwa unakokotwa. Siku hiyo dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu juu yake hadi baba yao akapeleka telegramu kuuliza hali. Berger aliamini mawazo yake yalisafiri. Akasomea udaktari, na mwaka 1924 akawa wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1929. Alichokipata ni lile wimbi la macho yaliyofungwa. Mawazo yanayosafiri hakuyapata.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza na mtoto aliyezaliwa na uwezo kamili kwa sababu jeni moja ilibadilika. Nilimpa rafiki anayefundisha biolojia aisome. Aliirudisha na sentensi moja pembeni mwa ukurasa wa pili: "Bibi yake huyu alikuwa na nini?" Sikuwa na jibu. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, maana mageuko hayafanyi kazi kwa kukopesha. Kila kizazi chenye uwezo mdogo lazima kinufaike na udogo huohuo, la sivyo jeni hiyo haina sababu ya kuenea. Kama robo ya uwezo haikumfaa bibi, mjukuu hatapata uwezo wote.

Basi nikaanza kuwachunguza wanyama, na huko kuna utajiri. Papa huhisi tofauti za umeme zilizo chini kabisa ya mikrovolti moja kwa sentimita, na hivyo hupata windo lililojifukia mchangani. Samaki wengi wa umeme wametengeneza kiungo chao cha umeme kutokana na misuli ya kawaida, tena makundi mbalimbali yamefika hapo kila moja kwa njia yake. Lakini aliyeniokoa ni pomboo. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba pomboo wa Guiana huhisi umeme kwa kutumia vishimo vya mdomoni, vile vilivyobaki pale mababu zake walipokuwa na sharubu. Huyo ni mamalia kama sisi. Hakupewa kiungo kipya kutoka mbinguni. Cha zamani kilipewa kazi nyingine.

Wote hao wanaishi majini, na hilo si bahati tu: maji yanapitisha umeme, hasa ya chumvi, hewa inauzuia. Kwa hiyo nikawahamishia watu wangu baharini. Msingi upo, maana wapiga mbizi wa jamii ya Bajau, Kusini-Mashariki mwa Asia, wana wengu mkubwa kuliko wa majirani zao kwa kama asilimia 50, hata wale wasiopiga mbizi wenyewe. Utafiti huo ulitoka mwaka 2018. Kwa hiyo mbizi inaweza kuuchonga mwili wa binadamu.

Na wapiga mbizi wangu hawakuanza kwa kusoma mawazo. Walianza na moyo. Umeme wa moyo juu ya ngozi unakaribia milivolti moja, mara nyingi zaidi ya ule wa ubongo. Anayeshikana mkono na mwenzake kwenye kina, akahisi mapigo yakibadilika kabla mwenzake hajazimia, anarudi juu na ndugu aliye hai. Hiyo ndiyo robo ya uwezo iliyomfaa bibi. Kutoka moyo kwenda misuli, kutoka misuli kwenda kichwa, paji kwa paji, ngozi ikiwa imelowa. Kusoma kwa kugusana ni kudogo, najua, lakini jaribu kuandika tukio la mtu anayekataa kushikwa mkono uone linavyokuwa zito.

Kuhusu muda: miaka 10,000 ni kama vizazi 400. Inatosha kwa jambo dogo kama watu wazima kuendelea kumeng'enya maziwa. Kwa kiungo kizima, hesabu miaka malaki, na kundi lililotengana na wengine.

Kitu ambacho waandishi wengi hukiruka ni kwamba hata ukiipata ishara, hujaielewa. Kila ubongo una mpangilio wake. Mwaka 2023 watafiti wa Texas walionyesha programu inayotoa maana ya hadithi ambayo mtu anaisikiliza akiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Ilibidi kwanza programu ifunzwe ubongo wa mtu huyohuyo kwa saa 16. Iliyofunzwa kwa mtu mmoja haikumweza mwingine, na mhusika akiamua kuwaza vitu vingine inapotea njia. Hii ni dhahabu kwako. Msoma mawazo wako amjue dada yake waliyelala kitanda kimoja miaka kumi, lakini muuaji aliyekaa naye bega kwa bega awe kwake kelele tupu.

Usisahau pia kwamba anayesomwa naye hubadilika. Wapo samaki wa umeme ambao ishara zao zimehamia kwenye masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo wawindaji wao hawayahisi vizuri. Na wawili wakikutana wakiwa na masafa yanayokaribiana, kila mmoja husogeza yake ili wasivurugane. Fikiria umati wa wasoma mawazo kwenye bwawa moja. Ungekuwa na adabu gani, na waongo wa aina gani?

Kusogeza vitu, ushauri wangu ni uache. Hakuna kinachobeba kani hiyo, yaani nguvu ya kusukuma, kutoka kichwani, na hata kingekuwepo, kila kani ina kani inayoijibu: anayesukuma lori kwa akili, lori linamsukuma fuvu. Nilikata sura tatu kwa sababu hiyo na sijajuta. Uwezo wa kuona yajayo unaweza kuuokoa ukiufanya uwe ubashiri mkali, kwa kuwa ubongo hubashiri muda wote, ila mhusika awe anakosea mara kwa mara.

Ukishaamua mababu wa mhusika wako waliishi wapi na nini kilikuwa kinawaua, weka sura ya kwanza hapa. Nitaisoma na kuandika pembeni kama nilivyoandikiwa.