Mama kuzuiwa kutembea ili "asishushe kinga": yaliyotukuta sisi

Mleta mada, pole sana na mama. Umeuliza kama ni kweli mazoezi yanashusha kinga ya mzee, maana mama yako ana miaka 71, mafua na kifua havimwachi, na kaka yako mkubwa amepiga marufuku ile safari yake ya asubuhi ya kwenda sokoni kwa miguu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu kosa hilo sisi tulishalifanya, tena kwa mapenzi kabisa.

Mama yangu ni Msambaa wa Lushoto. Maisha yake yote yalikuwa kupanda na kushuka: shamba bondeni, nyumba juu, maji kwingine. Baba alipofariki mwaka 2016 tukaona hawezi kubaki peke yake, tukamleta Dar. Tukampa chumba, televisheni na binti wa kumsaidia, tukamwambia, "Mama, sasa pumzika, umehangaika vya kutosha." Akishika ufagio ananyang'anywa. Akitaka kwenda gengeni anatumwa mtoto. Mwaka wa kwanza ukapita vizuri. Wa pili mafua yakaanza, yakiisha kinakuja kifua, kifua kikiisha anaumwa tena. Ndugu zangu wakawa wananunua makopo ya vidonge vya "kupandisha kinga" kwa mtu mmoja aliyekuwa akipita majumbani, shilingi 95,000 kopo moja. Mwaka 2019 akalazwa siku tisa kwa nimonia.

Siku ya kuruhusiwa akaja mtaalamu wa fiziotherapia, kijana mdogo tu. Akamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki kisicho na mikono, akamwambia, "Bibi, kunja mikono kifuani. Simama, kaa, simama, mara tano." Mara ya kwanza mama akainuka kwa kujirusha mbele. Ya pili akaishia katikati, magoti yanamtetemeka, akarudi chini. Ya tatu hakuijaribu, akageuza uso akatazama ukutani. Huyu ni mtu aliyekuwa akipandisha debe la mahindi kichwani kutoka bondeni. Kijana akaniuliza, "Nyumbani anafanya nini?" Nikamjibu, "Hafanyi chochote, tunamtunza." Akasema kwa upole, "Misuli imekwisha, mama. Na kinga nayo inakwenda na misuli." Nilitoka nje nikalia.

Maneno yake sikuyaelewa siku ile. Baadaye nikaanza kusoma kila nilichokipata, na nitakueleza nilivyoelewa.

Nyuma ya mfupa wa kidari kuna tezi inayoitwa thaimasi. Humo ndimo zinamokomaa seli T, zile chembechembe nyeupe za damu zinazotambua wadudu wa magonjwa na kupambana nao. Mtoto anayo kubwa. Kuanzia ujanani inanywea na nafasi yake inajaa mafuta, kwa hiyo mzee anategemea zaidi askari wa zamani wanaoyajua magonjwa ya zamani, na askari wapya wanazidi kuwa wachache. Tena mwili wa mzee, hasa akikaa sana na mafuta ya tumbo yakiongezeka, unakuwa na hali ya kuwaka kidogo kidogo ndani kwa ndani, siku zote, hata kama hakuna ugonjwa. Kinga inachoka kwa kazi isiyo na adui. Ndipo misuli inapoingia. Msuli unaofanya kazi humwaga kemikali zake kwenye damu, na baadhi ya kemikali hizo hutuliza huko kuwaka.

Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2018, wa wataalamu wa University of Birmingham na King's College London. Walichukua waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79, watu walioendesha kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Kigezo cha kuingia kilikuwa kigumu: mwanamume aweze kilomita 100 chini ya saa sita na nusu, mwanamke kilomita 60 chini ya saa tano na nusu. Wakawalinganisha na wazee wenye afya wasio na mazoezi, na pia na vijana. Wale wa baiskeli walikutwa wanatoa seli T mpya kwa kiwango cha vijana, wakati wenzao wa umri wao walikuwa nyuma sana. Niliposoma nikawakumbuka wazee wa Tanga mjini, wale wanaoendesha baiskeli na mzigo nyuma mpaka leo. Ila tusitie chumvi: seli zilizochakaa walikuwa nazo kama wazee wenzao. Na wale walianza zamani, hawakuanzia kwenye kiti cha plastiki kama mama yangu.

Sasa kaka yako. Hajatunga, kuna mahali alisikia. Mwaka 1987, baada ya mbio za marathoni za Los Angeles, wakimbiaji waliulizwa kuhusu afya zao. Karibu 13 kati ya kila 100 waliokimbia walisema waliugua wiki iliyofuata, wakati kwa wakimbiaji wenzao ambao siku ile hawakushiriki ilikuwa kama 2 tu kati ya 100. Hapo ndipo ikasambaa kwamba mazoezi yanafungua mlango wa maradhi. Ikaonekana pia kwamba saa chache baada ya zoezi kali chembechembe za kinga hupungua kwenye damu. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath, mwaka 2018 pia, waliupinga uelewa huo: seli zile hazifi, zinatoka kwenye damu zinaingia kwenye mapafu, utumbo na kwingineko, kama askari wanaotoka kambini kwenda doria. Ukihesabu kambini utasema wamepungua. Na hata tukimkubalia kaka yako yote, hiyo ni habari ya kilomita 42. Mama yako anakwenda sokoni kununua nyanya.

Sisi tulianza na kiti. Asubuhi na jioni, kusimama na kukaa, mwanzoni kwa kushika meza. Wiki ya kwanza mara tatu, mwezi wa tatu mara kumi bila kushika kitu. Halafu kutembea, kwanza hadi getini, kisha hadi gengeni, sasa anazunguka mtaa kwa nusu saa, siku tano za wiki. Kipimo chetu ni mazungumzo: aweze kuongea akitembea, asiweze kuimba. Mwenyewe akadai bustani, tukampa kipande nyuma ya nyumba, anamwagilia mchicha kwa madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono. Hiyo ndiyo kazi ya misuli, na anaipenda kuliko zoezi lolote. Shirika la Afya Duniani linataka mtu wa miaka 65 na zaidi apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, kazi ya misuli angalau siku mbili, na mazoezi ya kujizuia kuanguka siku tatu. Ukijumlisha mtaa, kiti na madumu, mama anafika. Chakula nacho tulikibadilisha, maharage, dagaa na yai kila siku, maana uji na chai peke yake havijengi msuli.

Ana miaka 79 sasa. Hajalazwa tena tangu ile 2019. Mafua anapata, mwaka jana mara mbili, lakini siku nne tano yameisha, hayashuki kifuani. Nikuambie ukweli wote: mwaka ule ule wa 2019 tulimhamisha chumba, kile cha kwanza kilikuwa na ukungu ukutani, na huenda nacho kilichangia. Vidonge vya 95,000 tuliacha, na sijaona tofauti yoyote.

Jambo lingine ni chanjo. Wazee wengi mwili wao hauitikii chanjo vizuri. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwafanyisha wazee 144 mazoezi kwa miezi kumi, kundi moja la mwendo wa kuchangamsha moyo, jingine la kunyoosha viungo na kujisawazisha mwili tu. Waliochangamsha moyo kinga ya chanjo ya mafua ilidumu kwao zaidi. Kwa hiyo mama akipata chanjo yoyote anayoshauriwa na daktari, achanjwe, na matembezi yaendelee.

Ya kuangalia. Akiwa na homa, au kifua kimebana, apumzike kabisa mpaka ipite, na akirudi aanze na nusu ya mwendo wake. Kama ana presha au sukari, daktari wake ajue kabla. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, aache hapo hapo na aende hospitali. Na kwa kuwa kifua kinamrudia kila mara, usikubali aandikiwe dawa za kikohozi tu. Apimwe makohozi kuondoa wasiwasi wa TB, maana wazee TB yao mara nyingi inajificha.

Kaka yako usigombane naye. Mwite awepo siku moja, mkalishe mama kwenye kiti kisicho na mikono, mtu asimame karibu wa kumdaka, mumwombe asimame mara tano huku mikono ameikunja kifuani. Hesabuni wote wawili. Mpeni muda wake, msimsaidie kabla hajaomba. Kisha andika hapa amefika ngapi, nikueleze sisi tulianzia wapi kwa idadi hiyo.