Tumbo lilelile, maumivu mawili

Kwa karibu miaka 3 nilikuwa nikiamka usiku wa manane nimeshika tumbo. Maumivu yalianzia chini kidogo ya kifua, yakiunguza, na nikila yalitulia kwa muda. Kila niliyemweleza alikuwa na jibu lilelile: "Punguza mawazo." Shangazi yangu alilisema kwa upendo, wenzangu kazini walilisema wakipita, nami nikaliamini. Nikaanza kujilaumu. Tumbo likiuma, basi nimeshindwa kutulia tena.

Nilipokwenda kupimwa hatimaye, walikutwa bakteria waitwao Helicobacter pylori, na kidonda kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo. Nikapewa dawa za siku 14, antibayotiki za aina mbili pamoja na kidonge cha kupunguza asidi. Maumivu yakaisha. Miaka 3 ya kujilaumu ikamalizwa na vidonge vya wiki 2, na sitasahau nilivyokasirika siku ile.

Wala hawakukosea ndugu zangu peke yao. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walifundishwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na msongo wa mawazo na asidi kuzidi. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, waliposema chanzo ni bakteria, wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao, na haikuchukua siku nyingi ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Leo inajulikana kwamba vidonda vingi hutokana ama na bakteria hao ama na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni.

Ningeishia hapo, ningekuambia habari za mawazo kuumiza mwili ni porojo. Lakini mwaka uliofuata baba aliugua, nami ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Tumbo likarudi kuuma. Mahali palepale, kuunguza kulekule, saa zilezile za usiku. Niliapa bakteria wamerudi. Nikapimwa: hakuna. Nikaingizwa kamera tumboni: hakuna kidonda. Daktari akaniambia, "Maumivu yako ni ya kweli, ndugu yangu. Kidonda ndicho hakipo."

Ilinichukua muda kuielewa kauli hiyo, kwa sababu nilikuwa nimezoea mambo mawili tu: ama unaumwa, ama ni mawazo. Utumbo una mtandao wake mkubwa wa mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo huongea na ubongo mchana na usiku. Mtu akiwa na hofu ya muda mrefu, mishipa hiyo huweza kuwa nyepesi kushtuka, na mjongeo wa kawaida wa tumbo ukafika kwenye ubongo kama maumivu. Mimi nilikuwa nikiongeza kuni kwenye moto huo. Kabla ya kila mlo niliweka mkono tumboni nikisubiri liume. Na likasikia, likauma.

Kusubiri huko kuna nguvu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco waliwapa watu waliotoka kung'olewa meno kidonge bandia, yaani kitu kisicho na dawa yoyote ndani, na baadhi yao wakapata nafuu. Kisha wakapewa naloksoni, dawa inayozuia mwilini kazi ya dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, na nafuu ile ikapungua. Maana yake tumaini lao lilikuwa limeufanya ubongo utoe dawa zake wenyewe za maumivu. Hofu nayo hufanya kazi, kwa upande wake. Katika utafiti mmoja wa London uliotolewa mwaka 2020, watu 60 walioacha dawa za kolesteroli kwa sababu ya madhara walipewa dawa hizo miezi kadhaa na vidonge bandia miezi mingine bila kujua kipi ni kipi. Takriban asilimia 90 ya adha walizopata kwenye dawa halisi zilijitokeza pia kwenye vidonge bandia.

Sasa naomba usome hili kwa utulivu, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Mwaka 2011 wagonjwa wa pumu walipewa pampu ya dawa halisi kwa nyakati fulani na pampu bandia nyakati nyingine. Walipoulizwa wanajisikiaje, nafuu ilikaribia kulingana. Mapafu yalipopimwa, dawa halisi iliongeza nguvu ya pumzi kwa asilimia 20, bandia kwa asilimia 7 tu, sawa na kutopewa chochote. Mgonjwa angeweza kujisikia vizuri huku njia zake za hewa zimebana. Ndiyo maana namkatalia kabisa mtu anayemwambia mwenye presha, kisukari au saratani aache dawa na aamini tu. Na nachukia zaidi pale mgonjwa asiyepona anapoambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Huko ni kumtwisha mzigo wa pili mtu aliyekwisha kulemewa.

Kilichonisaidia mara ya pili ni kwanza kuondoa shaka kwa vipimo, kisha kuviamini. Nilimwomba daktari anieleze hatua kwa hatua kwa nini panauma, na kuelewa tu kulipunguza nusu ya hofu. Nikaacha kushika tumbo. Usiku nilipumua polepole, kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuvuta. Nikamwomba dada tupokezane kumuuguza baba, nami nikarudi kulala. Haikuwa wiki 2 safari hii. Ilikuwa kama miezi 4, na siku mbaya zilikuwepo katikati.

Kama uko hapo nilipokuwa, usikubali kukisia. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu au chakula kukwama kooni havingoji utulivu wa mawazo, ni vya hospitali siku hiyohiyo. Ukitibiwa bakteria, rudi kupimwa baada ya wiki 4 au zaidi ujue wameisha, badala ya kubaki ukijiuliza.

Mdogo wangu alinipigia juzi akilalamika tumbo. Nilimuuliza rangi ya choo, nikamuuliza dawa za maumivu anazomeza, nikamwambia akapime. Halafu ndipo nikamuuliza, "Unalala?" Akanyamaza kitambo, kisha akaanza kuongea.